Kifaa na Seva Vilipohitilafiana kwa Moja: Uchambuzi wa Kisa cha Kubana Data kwa Namba Kamili

Kisa hiki kinahusu timu ndogo ya wahandisi na kifaa chao cha kupima maji visimani. Majina, mahali na alama zote za bidhaa vimeondolewa, na baadhi ya vipimo vimerahisishwa ili msomaji aweze kufuata hesabu kwa kalamu na karatasi. Nimekiandika kwa ajili ya wale wanaotengeneza vifaa vidogo vya betri, hasa wanaoamini kwamba sababu ya kutumia namba kamili ni kasi tu.

Usuli

Kifaa kinafungwa juu ya kisima na kinatumia betri isiyochajiwa. Kila dakika kinasoma vitu vitatu: kina cha maji kwa milimita, joto la maji kwa sehemu za mia za nyuzi, na uwezo wa maji kupitisha umeme. Kila kipimo kinachukua baiti 2, kwa hiyo sampuli moja ni baiti 6 na saa nzima ni baiti 360. Saa ikitimia, redio inawashwa na data inarushwa kwa LoRaWAN, mfumo wa redio wa masafa marefu kwa vifaa vya umeme mdogo.

Ndani yake mna maikrokontrola yenye kiini cha Cortex-M0+, inayokwenda kwa MHz 16, ikiwa na RAM ya kilobaiti 8. Kiini hiki kinajua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kusogeza biti. Hakina sehemu ya kukokotoa namba za desimali, wala hakina amri ya kugawa. Ukiandika alama ya kugawa au ukitangaza namba ya desimali kwenye msimbo, kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa amri za mashine, inaita maktaba inayofanya kazi hiyo polepole kwa amri nyingi za kawaida.

Tatizo lilianzia kwenye redio. Vingi vya visima vilikuwa mbali na antena ya kupokelea, hivyo vifaa vililazimika kutumia SF12, mwendo wa chini kabisa, ambapo pakiti moja inabeba baiti 51 tu za mtumiaji. Timu ilitumia baiti 3 kwa kichwa chake, zikabaki 48, yaani sampuli 8. Sampuli 60 za saa moja zilihitaji pakiti 8. LoRaWAN yenyewe inaongeza baiti 13 juu ya kila pakiti. Pakiti iliyojaa hukaa hewani sekunde 2.79, na pakiti zote za saa moja zilichukua takribani sekunde 21.5. Bendi waliyotumia inaruhusu kifaa kurusha asilimia 1 tu ya muda, yaani sekunde 36 kwa saa. Pakiti zote zikirudiwa mara moja, tayari ni sekunde 43, na kifaa kimevunja kanuni.

Betri nayo ilikuwa ikilalamika. Redio inaporusha ilivuta takribani mA 40, na kichakata kikifanya kazi kwa mwendo wake wote hakikufika hata mA 2. Sekunde moja ya kurusha ililingana na sekunde 20 za hesabu, na kwa MHz 16 hiyo ni mizunguko milioni 320 ya kichakata. Ushikilie uwiano huu, kwa sababu ndio ulioamua karibu kila kitu kilichofuata.

Toleo la kwanza

Wazo la msingi lilikuwa sahihi. Maji ya kisima hayarukiruki. Kipimo cha dakika hii kinafanana sana na cha dakika iliyopita. Badala ya kutuma kipimo chenyewe, unabashiri kitakuwa nini, kisha unatuma tofauti kati ya ubashiri na ukweli. Tofauti ni ndogo, na namba ndogo inaandikwa kwa biti chache.

Mhandisi aliyeandika toleo hilo alitaka ubashiri mzuri zaidi ya "kama ilivyokuwa." Alichukua kipimo kilichotangulia, akaongeza mwelekeo wa mabadiliko uliozidishwa kwa kizio fulani, na kizio hicho kikawa kinajirekebisha chenyewe kila sampuli kulingana na kosa lililotokea. Kizio kilikuwa namba ya desimali ya biti 32. Ubashiri ukishapatikana, ulikadiriwa hadi namba kamili iliyo karibu, ukatolewa kwenye kipimo, na tofauti ikapakiwa kwenye biti. Upande wa seva, faili lile lile la msimbo wa C lilifanya kazi kinyumenyume: likabashiri, likajumlisha tofauti, likapata kipimo.

Ili kuokoa baiti, hali ya ubashiri iliendelea kutoka pakiti hadi pakiti na kuanza upya usiku wa manane tu. Pakiti ikipotea, kifaa kiliirudia mpaka ipokelewe.

Matokeo yalipendeza. Pakiti 8 zikawa 3. Majaribio yalipita, vifaa vikasambazwa kwa mamia, na kwa muda mrefu hapakuwa na malalamiko yoyote.

Mambo yalivyoharibika

Siku moja seva ilihamishwa kutoka mashine ya x86-64 kwenda mashine ya ARM64, yaani yenye kichakata cha aina nyingine. Hakuna mstari wa msimbo uliobadilishwa. Faili lilikompailiwa upya, likawashwa, na data ikaendelea kuingia.

Baadaye fundi aliyekwenda kubadilisha betri alisoma kina cha maji kwenye kioo cha kifaa, akatazama namba ya saa hiyo hiyo kwenye ukurasa wa wateja, na akakuta tofauti ya sentimita kadhaa. Siku iliyofuata tofauti haikuwepo. Kisima kingine kilionyesha dalili hiyo hiyo juma jingine, kisha kikapona chenyewe. Timu ilishuku sensa, na hilo halishangazi: sensa za kina huhama polepole, na kosa linalokuja na kuondoka linafanana kabisa na unyevu kwenye waya. Sensa chache zilibadilishwa. Haikusaidia.

Aliyeufungua mwanya ni mhandisi mmoja aliyeamua kuacha kubahatisha. Alichota kumbukumbu ghafi ya vipimo kutoka kwenye flashi ya kifaa kimoja na kuiweka kando ya kile seva ilichofungua. Kuanzia usiku wa manane hadi saa kadhaa za asubuhi, namba zote zililingana. Kisha kwenye sampuli moja seva ilipata 4128 pale kifaa kilipoandika 4127. Kuanzia hapo hazikulingana tena mpaka usiku wa manane uliofuata, na pengo lilikuwa likipanuka.

Chanzo kilikuwa kitu kidogo sana. Kompaila ya GCC, isipoambiwa vinginevyo, inaruhusiwa kuunganisha kuzidisha na kujumlisha kuwa amri moja pale kichakata kinapokuwa nayo. ARM64 inayo. Amri hiyo inakadiria jibu mara moja tu, mwishoni. Maktaba ya desimali ndani ya kifaa inakadiria mara mbili, baada ya kuzidisha na tena baada ya kujumlisha, na toleo la kawaida la x86-64 lilifanya hivyo hivyo. Majibu yote mawili ni halali, ila yanaweza kutofautiana kwenye biti ya mwisho.

Biti ya mwisho ni ndogo kiasi gani? Namba ya desimali ya biti 32 ina biti 24 za tarakimu. Kwa thamani iliyo karibu na 4127, biti 13 zinakwenda kwenye sehemu kamili na 11 zinabaki kwa desimali, kwa hiyo hatua ndogo kabisa ni 1/2048. Mara nyingi hatua hiyo haina madhara yoyote. Lakini ubashiri ukiangukia karibu kabisa na 4127.5, upande mmoja utakadiria 4127 na mwingine 4128. Kosa la moja limeingia. Sampuli inayofuata inabashiriwa kutokana na kipimo kilichokosewa, kizio kinajirekebisha kwa kosa ambalo kifaa hakikuliona, na pande mbili zinazidi kuachana.

Kwa kifaa kimoja jambo hili ni nadra mno. Ila kila kifaa kilifanya ubashiri 4,320 kwa siku, na vifaa vilikuwa mamia. Ndiyo maana leo kiliugua hiki, kesho kile, na hakuna aliyeweza kulirudia kosa mezani.

Maamuzi ya kukarabati, na sababu zake

Dawa ya haraka ilikuwa kuiambia kompaila ya seva isiunganishe hesabu, kwa chaguo moja la amri: `-ffp-contract=off`. Walifanya hivyo siku ile ile na makosa yakakoma. Wangeweza kuishia hapo, na nimeona timu zinazoishia hapo. Hawa walikataa, kwa hoja ninayoiunga mkono: usahihi wa data yao ungeendelea kutegemea kompaila, maktaba na mashine ambayo mtu mwingine ataichagua miaka ijayo bila kujua kwamba kuna masharti. Walitaka kanuni ambayo jibu lake ni moja tu kwenye mashine yoyote.

Ugonjwa huu una historia. Viwango vya zamani vya video kama MPEG-2 viliruhusu mageuzi ya picha yakokotolewe kwa makadirio, ilimradi kosa lisizidi kiasi fulani, na matokeo yake picha ya kifunguzi iliweza kuhama kidogo kidogo kutoka kwenye ile aliyoikusudia mbanaji. H.264, iliyotoka 2003, iliondoa tatizo hilo kwa kuweka mageuzi ya namba kamili yenye jibu moja tu. FLAC, inayobana sauti bila kupoteza kitu, nayo hukadiria vizio vyake vya ubashiri kuwa namba kamili kabla ya kuvitumia, kisha inavituma pamoja na idadi ya biti za kusogeza, ili kifunguzi kipate ubashiri ule ule hadi biti ya mwisho.

Kwa hiyo ubashiri uliandikwa upya, na ukarahisishwa. Walijaribu kwanza ule wa mstari kamili, yaani mara mbili ya kipimo kilichopita ukitoa cha kabla yake. Ulikuwa mbaya zaidi kuliko kutobashiri mwelekeo kabisa, na sababu yake ni ya kihesabu. Ukichukua tofauti ya kawaida, kelele ya sensa inaingia mara mbili, hivyo varianzi, yaani kipimo cha mtawanyiko, inakuwa mara 2 ya ile ya kelele. Kwenye mstari kamili vizio ni 1, −2 na 1. Ukijumlisha miraba yake unapata 6. Kwa ishara tulivu iliyojaa kelele, unalipa karibu biti 0.8 zaidi kwa kila kipimo ili ubashiri mwelekeo ambao haupo. Wakabakiza njia mbili: "kama kilichopita," na "kilichopita pamoja na nusu ya badiliko la mwisho." Kifaa kinajaribu zote mbili kwa kila pakiti, kinachagua inayotoa biti chache, na kinaandika biti moja kueleza ni ipi.

Kwa kupakia tofauti walibaki na msimbo wa Rice. Solomon Golomb alieleza familia ya misimbo hii mwaka 1966, na Robert Rice wa JPL ya NASA akaiendeleza miaka ya 1970 kwa ajili ya data za vyombo vya anga, ambavyo navyo vilikuwa na vichakata dhaifu na redio za mbali. Unavyofanya kazi ni hivi. Tofauti hasi na chanya hupangwa kwanza zifuatane: 0, −1, 1, −2, 2 zinakuwa 0, 1, 2, 3, 4. Tofauti ya −7 inakuwa 13. Kisha unachagua namba ya biti, k. Kwa k = 2, sogeza 13 kulia biti mbili upate 3, na baki ni 1. Andika moja tatu, sifuri ya kufunga, kisha baki kwa biti mbili: `1110 01`. Biti 6 badala ya 16, bila kuzidisha wala kugawa popote, na bila jedwali lolote kwenye kumbukumbu.

Kuchagua k ndipo uwiano wa nishati ulipotumika vizuri. Zipo njia za werevu za kukadiria k. JPEG-LS, kwa mfano, inaipata kwa kulinganisha jumla ya makosa na idadi yake iliyosogezwa biti. Timu haikuhitaji werevu huo. Kwa kila mkondo wa data, kifaa kinajaribu k zote kuanzia 0 hadi 7, kinahesabu biti ambazo kila moja ingetumia, na kinachukua ndogo. Hesabu ya urefu ni kusogeza na kujumlisha tu. Kazi nzima ya kubana saa moja ya data inaisha chini ya milisekunde 10, muda ambao redio ingekuwa bado kwenye utangulizi wa pakiti ya kwanza.

Msimbo wa Rice una shimo moja, na ni kubwa. Sensa ikichomoka na kutoa tofauti ya 20,000, inayopangwa kuwa 40,000, wakati k ni 2, sehemu ya moja zinazofuatana ingekuwa na urefu wa biti 10,000, yaani baiti 1,250, kwa kipimo kimoja! Waliweka mlango wa dharura: moja 12 mfululizo maana yake ni kwamba biti 16 zinazofuata ni namba yenyewe. Kipimo kibaya kabisa sasa kinakula biti 28. Na pakiti ikizidi ukubwa wa data ghafi, inatumwa ghafi, ikiwa na biti ya kueleza hivyo.

Uamuzi uliozua mjadala mrefu haukuhusu msimbo bali sensa. Biti za chini za kila kipimo zilikuwa kelele, na kelele haibaniki kwa kanuni yoyote duniani. Mmoja wao alitaka zikatwe. Mwingine alikataa, kwa kuwa mteja aliahidiwa milimita. Walikubaliana kusoma mara 16 kila dakika na kutuma wastani: `(jumla + 8) >> 4`, namba kamili tupu. Masomo 16 yanapunguza kelele hadi robo, ambayo ni biti 2 kwa kila kipimo, na usahihi unaongezeka badala ya kupungua. Kuisoma sensa mara nyingi kunakula umeme, lakini mdogo kuliko kurusha biti hizo.

Njia nyingine walizipitia haraka. Deflate, kwa mipangilio yake ya kawaida, inadai takribani kilobaiti 256 za kumbukumbu ili kubana. Kifaa kina 8. Huffman ingehitaji jedwali lililofunzwa kwa kisima kimoja na kukosea kwenye kingine. Msimbo wa hesabu ungeokoa sehemu ya biti kwa kipimo, kwa gharama ya kielelezo cha uwezekano ambacho pande zote mbili zingelazimika kukitunza. ADPCM inapoteza data, na mkataba ulikataza.

Mwisho, kila pakiti ikawa inajitegemea. Inaanza na kipimo kamili cha kila mkondo, baiti 6, na haihitaji kujua chochote kuhusu iliyotangulia. Ikaongezwa baiti moja ya CRC, namba ya kukagulia kama data imebadilika, na hapa walifanya jambo ambalo ningependa kila mtu alifanye: CRC hiyo inakokotolewa juu ya vipimo vya asili, kabla ya kubanwa. CRC ya redio inathibitisha kwamba biti zimefika salama. Haisemi lolote kama seva imezifungua sawasawa.

Kosa la pili, lililokamatwa mezani

Kifunguzi kipya cha seva kiliandikwa kwa Python. Kwenye majaribio ya kwanza, maji yakipanda kila kitu kilikuwa sawa. Yakishuka, baadhi ya pakiti zilikataliwa na CRC mpya. Si zote, baadhi tu.

Kwenye kifaa, nusu ya badiliko iliandikwa `d / 2` kwa C. Badiliko likiwa −3, C inaielekeza sifuri na kutoa −1. Python, kwa `d // 2`, inaielekeza chini na kutoa −2. Kwa namba chanya zinakubaliana daima, na kwa namba hasi shufwa pia. Kosa lilihitaji maji yanayoshuka kwa milimita witiri, na njia ya pili ya ubashiri iwe imechaguliwa.

Pande zote mbili zikaandikwa `d >> 1`. Kusogeza kulia kwenye Python huelekea chini daima, na GCC kwenye ARM inaitunza alama ya hasi vivyo hivyo, kwa hiyo −3 inakuwa −2 kote. Kanuni hiyo ikaandikwa kwa maneno kwenye waraka wa muundo wa data, pamoja na mifano ya namba hasi, na mkusanyiko wa data za majaribio ambao kifaa na seva lazima viutolee baiti zile zile kabla toleo lolote halijatoka.

Matokeo

Sampuli moja ya vipimo vitatu ilishuka kutoka biti 48 hadi takribani 8. Pakiti ya sampuli 30 inabeba kichwa, CRC, vipimo vya kuanzia, thamani za k na tofauti 29 za kila mkondo, na kwa kawaida inaishia karibu na baiti 41. Pakiti 8 kwa saa zimekuwa 2. Muda wa kurusha umetoka sekunde 21.5 hadi sekunde 4.9, na nafasi ya kurudia pakiti zilizopotea imekuwa pana. Maktaba ya desimali ilitoka kwenye programu ya kifaa na kuachia kilobaiti kadhaa za flashi. RAM inayotumika kubana haifiki kilobaiti 1.

Tangu hapo seva imehamishwa tena, na lugha ya kifunguzi imebadilishwa. Vipimo havikuguswa.

Uchambuzi

Ukiangalia nishati peke yake, desimali hazikuwa adui. Hata kama ubashiri wa zamani ungekula mizunguko mara kumi zaidi, ungebaki mdogo mbele ya redio. Mtu anayetetea namba kamili kwa hoja ya kasi, kwenye kifaa kama hiki, anaweza kushindwa mjadala na mtu mwenye kipima umeme mkononi. Hoja yenye nguvu ni makubaliano. Kubana kwa ubashiri ni mazungumzo kati ya mashine mbili ambazo hazionani, kila moja ikidhani mwenzake amefikia jibu lile lile. Namba kamili zinaifanya dhana hiyo iweze kuthibitishwa. Lakini kosa la pili linaonyesha kwamba hazitoi uhakika huo bure: lazima useme mgawanyo unaelekea wapi, namba hasi zinasogezwaje, na nini kinatokea jumla inapopita biti 16.

CRC ya vipimo vya asili ndiyo iliyotenganisha makosa hayo mawili. La kwanza lilizunguka kwa wateja na kusababisha sensa zisizo na kasoro kutupwa. La pili, la aina ile ile kabisa, halikutoka nje ya maabara. Baiti moja.

Jambo ambalo timu ilichelewa kulizingatia ni kwamba redio hailipishi kwa baiti, inalipisha kwa ngazi. Kwenye SF12 muda wa hewani unapanda kila baada ya baiti 5. Ujumbe wa baiti 38 na ule wa 42 hukaa hewani muda ule ule, sekunde 2.47, wa 43 unaruka hadi 2.63. Mhandisi mmoja alitumia jitihada nyingi kuzikaza thamani za k kutoka biti 4 hadi 3, na kwenye pakiti nyingi hakuokoa hata milisekunde. Faida halisi ilikuwa kuondoa pakiti nzima, kwa sababu inaondoka na utangulizi wake, baiti zake 13 za LoRaWAN, na madirisha ya kusikiliza yanayofuata kila urushaji. Wastani wa masomo 16 ulilipa vizuri kwa sababu hiyo hasa: bila huo, sampuli ilikuwa karibu biti 14, data ya sampuli 30 ilizidi baiti 51, na saa ilihitaji pakiti ya tatu.

Lililobaki gumu ni la asili ya kubana kwenyewe. Data inabanika vizuri wakati hakuna kinachotokea. Mvua kubwa ikinyesha na maji yakaanza kupanda kwa kasi, tofauti zinakua, na saa ile ile ambayo mteja anaitaka data kuliko zote inahitaji pakiti 4 badala ya 2. Ikifikia data ghafi ni pakiti 9 na sekunde 23 za hewa. Ripoti za ndani zilionyesha wastani wa mwezi, na wastani ulilificha hili kabisa. Makadirio ya betri sasa yanafanywa kwa saa mbaya, si kwa saa ya kawaida.

Timu pia ilibadilisha mpangilio wa saa hizo. Zikihitajika pakiti zaidi ya 3, pakiti ya kwanza inabeba kila sampuli ya nne, 15 kwa saa nzima, na zinazofuata zinajaza zilizobaki. Inabana vibaya kidogo na wakati mwingine inaongeza pakiti moja, lakini pakiti hiyo ya kwanza ikifika peke yake, aliye upande wa pili tayari anaona umbo la saa yote.